Kwa Nini Potasiamu Si 2.8.9? Nambari za Kwanta, Orbitali na Rangi ya Mawe ya Kasigau

Utangulizi

Tangu ukiwa kidato cha pili umeandika mpangilio wa elektroni mara nyingi hata mkono wako unaandika wenyewe. Sodiamu, 2.8.1. Klorini, 2.8.7. Agoni, 2.8.8. Kisha inakuja potasiamu, elementi ya 19, nawe unaandika 2.8.8.1 bila kusita. Ukiulizwa kwa nini elektroni ile ya mwisho imeruka hadi kiwango cha nne, unajibu upesi: "Kwa sababu kiwango cha tatu kimejaa."

Jibu hilo si kweli. Kiwango cha tatu kina nafasi ya elektroni 18. Potasiamu inapofikiwa, elektroni nane tu ndizo zimo humo. Nafasi kumi ziko wazi, na bado elektroni ya 19 inazipita na kwenda kiwango cha nne. Swali la kweli, basi, ni hili: kwa nini iache nafasi kumi zilizo wazi?

Nimesahihisha jibu la "kimejaa" miaka mingi. Simlaumu anayeliandika, maana kanuni ya 2.8.8 humfikisha salama hadi kalisiamu, elementi ya 20, na maswali mengi ya mtihani hayavuki hapo. Lakini wewe uliye Marungu una sababu ya kutaka kuvuka. Ukisimama Maungu na kutazama kusini, unauona mlima Kasigau. Katika ardhi ya upande huo na upande wa Mangari watu huchimba vito: tsavorite ya kijani na rubi nyekundu. Huenda mjomba wako au kaka yako ni mmoja wao. Mawe hayo huuzwa kwa rangi yake, na rangi hiyo hutoka kwa elementi ya 23 na ya 24, yaani vanadiamu na kromiamu. Kanuni ya 2.8.8 inapoishia, ndipo mawe ya kwenu yanapoanzia.

Baada ya kusoma sehemu hii unapaswa uweze:
1. kueleza maana ya kiwango cha nishati na ushahidi wake;
2. kutaja nambari nne za kwanta na kazi ya kila moja;
3. kueleza kwa nini potasiamu ni 2.8.8.1;
4. kuandika mpangilio wa elektroni wa elementi zinazofuata kalisiamu;
5. kueleza kwa nini baadhi ya ioni zina rangi na nyingine hazina.

1. Viwango vya nishati: tunajuaje kwamba vipo?

Hakuna aliyewahi kukiona kiwango cha nishati kwa macho. Tunavijua viwango kwa mwanga unaotoka katika atomu.

Unalijua jaribio la mwali. Chukua chembe za chumvi ya mezani kwa waya safi, uziweke katika mwali usio na rangi. Mwali unageuka manjano. Ukitumia chumvi ya potasiamu unapata zambarau hafifu, na ya shaba inatoa kijani cha buluu. Kila elementi ina rangi yake, nayo haibadiliki. Sodiamu ya Magadi na sodiamu ya Baharini zote hutoa manjano ile ile, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban nanomita 589.

Elektroni ingeweza kuwa na nishati yoyote ile, mwanga wake ungekuwa mchanganyiko wa rangi zote. Kwa kuwa rangi ni moja mahususi, tunajua elektroni imeruka kutoka kiwango kimoja maalumu hadi kingine. Joto la mwali linaipandisha. Inaposhuka, inautoa ule mwanya wa nishati katika umbo la mwanga. Mwanya mkubwa hutoa mwanga wa buluu au zambarau, na mwanya mdogo hutoa mwekundu.

Niels Bohr wa Denmark ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1913 kwa atomu ya haidrojeni. Nishati zake tunaweza kuziandika katika kipimo unachokijua, kilojuli kwa moli:

- Kiwango cha 1: −1312
- Kiwango cha 2: −328
- Kiwango cha 3: −146
- Kiwango cha 4: −82

Alama ya kutoa inaonyesha kwamba elektroni imefungwa na kiini. Unahitaji kulipa nishati hiyo ili kuitoa. Sasa tazama mianya. Kutoka kiwango cha 1 hadi cha 2 ni 984. Kutoka cha 2 hadi cha 3 ni 182. Kutoka cha 3 hadi cha 4 ni 64 tu. Viwango si ngazi yenye vipandio vilivyolingana. Kadiri unavyopanda ndivyo vinavyokaribiana.

Likumbuke jambo hili, kwa maana fumbo la potasiamu limejificha hapo: viwango vya 3 na 4 ni majirani wa karibu mno.

2. Anwani ya elektroni: nambari nne za kwanta

Maelezo ya Bohr yalitosha kwa haidrojeni yenye elektroni moja. Kwa atomu zenye elektroni nyingi yalishindwa. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria alitoa mlinganyo unaoichukulia elektroni kama wimbi. Kutoka kwake tunapata nambari tatu. Ya nne ilitokana na majaribio yaliyoonyesha kwamba elektroni ina tabia ya sumaku ndogo. Nambari hizi nne kwa pamoja ni anwani ya elektroni.

Hebu tutumie mfano wa shule ya bweni. Mwanafunzi hupatikana kwa kutaja bweni, chumba, kitanda, na kama analala juu au chini.

Nambari kuu (n) ni bweni. Huwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Hiki ndicho kiwango cha nishati ulichozoea. Kadiri n inavyokuwa kubwa, elektroni huwa mbali zaidi na kiini kwa wastani.

Nambari ya umbo (l) ni chumba ndani ya bweni. Huanzia 0 hadi n − 1. Bweni la 1 lina chumba kimoja, la 2 lina viwili, la 3 lina vitatu. Vyumba hivi tunaviita matawi, na kila tawi lina herufi: l = 0 ni s, l = 1 ni p, l = 2 ni d, l = 3 ni f. Ndiyo maana kuna 1s, 2s, 2p, 3d, lakini hakuna 1p wala 2d.

Nambari ya sumaku (m) ni kitanda ndani ya chumba. Huanzia −l, kupitia 0, hadi +l. Tawi s lina kitanda kimoja (0). Tawi p lina vitatu (−1, 0, +1). Tawi d lina vitano (−2, −1, 0, +1, +2). Kitanda kimoja ndicho tunachokiita orbitali.

Nambari ya spini (s) inaonyesha kama uko juu au chini. Vitanda vya bweni letu vina orofa mbili, hivyo kila kimoja hulaza wawili tu. Spini huwa +½ au −½, hakuna nyingine. (Usiichanganye herufi hii na tawi s.)

Sasa hesabu nafasi za bweni la 3. Chumba s kitanda 1, chumba p vitanda 3, chumba d vitanda 5. Jumla ni vitanda 9, na kila kitanda hulaza wawili. Jibu ni 18. Kwa ufupi, kiwango cha n kina nafasi 2n²: yaani 2, 8, 18, 32. Umeona kwamba 18 haikutoka hewani. Imetokana na nambari nne.

Zingatia: Mfano wa bweni una mipaka yake. Kitanda kina kingo, orbitali haina. Orbitali ni eneo linalozunguka kiini ambamo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kupatikana. Orbitali s ina umbo la mpira. Orbitali p inafanana na puto mbili zilizofungwa midomo pamoja, kiini kikiwa kwenye fundo. Orbitali d nyingi zina sehemu nne, kama ua lenye petali nne. Usichore orbitali kama njia ya duara ambayo elektroni inaifuata. Hiyo ilikuwa picha ya Bohr.

3. Kanuni tatu za kujaza

Kanuni ya kwanza: nishati ndogo kwanza. Elektroni huchukua nafasi yenye nishati ndogo kabisa iliyo wazi.

Kanuni ya pili: hakuna anwani mbili zinazofanana. Wolfgang Pauli aliitoa mwaka 1925. Elektroni mbili katika atomu moja haziwezi kuwa na nambari zote nne sawa. Ndiyo sababu orbitali moja hubeba elektroni mbili tu: zikiisha spini mbili, nafasi zimeisha.

Kanuni ya tatu: kila mmoja na kitanda chake kwanza. Hii ni kanuni ya Friedrich Hund. Orbitali zikiwa na nishati sawa, elektroni huingia moja moja kabla ya kuanza kulala wawili wawili. Elektroni zote zina chaji hasi na husukumana. Zikiwa na nafasi ya kuepukana, huepukana. Naitrojeni, 1s² 2s² 2p³, ina elektroni tatu katika vitanda vitatu tofauti vya chumba 2p.

4. Turudi kwa potasiamu

Katika haidrojeni, 3s, 3p na 3d zina nishati sawa. Atomu ikiwa na elektroni nyingi, usawa huo huvunjika, kwa sababu elektroni za ndani huwakinga wa nje wasiuhisi mvuto wote wa kiini.

Umbo sasa linakuwa na maana. Orbitali s ina sehemu ndogo inayopenya hadi karibu kabisa na kiini. Elektroni iliyo katika 4s hukaa mbali kwa muda mwingi, lakini ina nafasi ya kupenya ndani na kuuhisi mvuto mkubwa. Elektroni ya 3d haipenyi hivyo. Hubaki nje ya kinga. Kwa kuwa viwango vya 3 na 4 vinakaribiana mno, kupenya huku kunatosha kuishusha 4s chini ya 3d.

Mpangilio wa kujaza ni huu: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p.

Ukiusahau, jumlisha n na l. Jumla ndogo hujazwa kwanza. Zikilingana, n ndogo hutangulia. Kwa 4s: 4 + 0 = 4. Kwa 3d: 3 + 2 = 5. Basi 4s inatangulia. Kwa 3p: 3 + 1 = 4, sawa na 4s, lakini n yake ni ndogo, kwa hiyo 3p hutangulia 4s.

Potasiamu, basi, ni 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s¹. Jumlisha kwa viwango: 2.8.8.1. Jibu sahihi la swali letu ni hili: *elektroni ya 19 huingia 4s kwa sababu katika potasiamu 4s ina nishati ndogo kuliko 3d.* Usitaje neno "kimejaa".

Je, ni maneno matupu? La. Tazama nishati inayohitajika kuitoa elektroni moja moja katika potasiamu:

- Elektroni ya kwanza: 419 kJ/mol
- Elektroni ya pili: 3052 kJ/mol

Ingekuwa 2.8.9, elektroni tisa za nje zingekuwa majirani katika kiwango kimoja, na hatungetarajia kutoa ya pili kugharimu zaidi ya mara saba ya ya kwanza. Mruko huo mkubwa unasema elektroni moja tu ndiyo iliyo nje, peke yake. Na sodiamu, ambayo huna shaka kwamba ni 2.8.1, hutoa yake ya kwanza kwa 496 kJ/mol. Potasiamu inaitoa kwa urahisi zaidi kwa sababu elektroni yake iko mbali zaidi. Ndiyo maana katika maji potasiamu huwaka kwa ukali kuliko sodiamu. Jambo uliloliona maabarani na nambari za kwanta ni jambo moja.

5. Baada ya 20: chumba 3d kinafunguliwa

Kalisiamu inaijaza 4s: 4s². Elementi ya 21, skandiamu, haina budi kuingia 3d. Kutoka hapo hadi zinki, elementi ya 30, vitanda vitano vya 3d vinajazwa. Kwa ufupi, tukiacha elektroni 18 za ndani zinazofanana na za agoni:

- Skandiamu (21): 3d¹ 4s²
- Vanadiamu (23): 3d³ 4s²
- Kromiamu (24): 3d⁵ 4s¹
- Chuma (26): 3d⁶ 4s²
- Shaba (29): 3d¹⁰ 4s¹
- Zinki (30): 3d¹⁰ 4s²

Kromiamu na shaba zinavunja mstari. Katika hizo mbili, 4s na 3d ziko karibu sana kinishati, na atomu inapata nafuu zaidi kwa kuhamisha elektroni moja kutoka 4s ili kila kitanda cha 3d kiwe na mmoja (kromiamu) au wawili (shaba). Ziweke akilini kama zilivyo.

Mtego: 4s hujazwa kwanza, lakini pia *huondolewa kwanza*. Mara 3d inapoanza kujazwa, mvuto wa kiini unakuwa umeongezeka na kuishusha 3d. Za 4s zinabaki ndizo za nje. Kwa hiyo ioni ya vanadiamu yenye chaji 3+ hupoteza mbili za 4s na moja ya 3d. Inabaki na 3d². Anayeandika 3d⁰ 4s² kwa ioni hii amekosea.

6. Kijani cha tsavorite

Tsavorite ni aina ya garneti. Campbell Bridges, mtaalamu wa miamba, aliikuta kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata hapa Taita Taveta. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ilianza kuitangaza sokoni kwa jina linalotokana na Tsavo.

Fomula ya garneti hii ni Ca₃Al₂(SiO₄)₃. Tazama ioni zake. Ioni ya kalisiamu ni 2.8.8. Ioni ya aluminiamu ni 2.8. Zote zimetimia, na mwanya wa kuipandisha elektroni yoyote ni mkubwa kuliko nishati ya mwanga tunaouona. Mwanga unapita bila kuguswa. Kwa hiyo garneti hii ikiwa safi kabisa haina rangi, kama kioo cha dirisha.

Lakini jiwe lilipokuwa likiumbika chini ya ardhi, ioni chache za vanadiamu zenye chaji 3+ ziliketi katika nafasi za aluminiamu. Chaji ni sawa, ukubwa unakaribiana, basi ziliingia. Wakati mwingine kromiamu kidogo huingia pia.

Sasa nambari m, ambayo huenda uliiona haina kazi, inaingia kazini. Vitanda vitano vya 3d vina nishati sawa atomu ikiwa peke yake angani. Ndani ya jiwe, vanadiamu imezungukwa na oksijeni sita: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Orbitali d mbili zinaelekea moja kwa moja kwenye oksijeni hizo, na elektroni zake husukumwa zaidi. Orbitali tatu zinapita katikati ya oksijeni, na husukumwa kidogo. Chumba kimoja kimegawanyika: vitanda vitatu chini, viwili juu.

Elektroni mbili za vanadiamu hulala katika vile vya chini. Mwanya wa kupanda juu si mkubwa tena. Unalingana na nishati ya mwanga wa kawaida. Jua linapoangaza jiwe, elektroni hizi humeza sehemu ya mwanga mwekundu na wa machungwa, na sehemu ya zambarau na buluu. Kinachobaki na kupita hadi jichoni mwako ni kijani.

Hiyo ndiyo sababu mnunuzi huliinua jiwe juani kabla ya kutaja bei. Hajui huenda, lakini anakadiria ni elektroni ngapi za 3d zilizomo. Vanadiamu ikiwa haba, jiwe hupauka na bei hushuka.

7. Elektroni zile zile, majirani wengine

Rubi ya Mangari ni oksidi ya aluminiamu, Al₂O₃, ambayo nayo ikiwa safi haina rangi. Humo ioni chache za kromiamu zenye chaji 3+ zimechukua nafasi ya aluminiamu. Ioni hiyo ni 3d³. Inameza zambarau na kijani cha manjano, nyekundu inapita. Kromiamu hiyo hiyo katika zumaridi hutoa kijani, kwa sababu oksijeni zinazoizunguka zimekaa kwa namna nyingine kidogo na mwanya umebadilika. Rangi, basi, hutegemea mambo mawili: idadi ya elektroni za d, na majirani walioizunguka ioni.

Ushahidi unao maabarani mwenu. Salfeti ya shaba yenye maji ni ya buluu. Ichome polepole katika bomba la jaribio: maji yanatoka, unga unabaki mweupe. Ioni ya shaba bado ni ile ile, 3d⁹. Kilichoondoka ni majirani wake, yaani molekuli za maji. Mwanya umepungua na mwanga unaomezwa sasa ni ule tusiouona. Tia tone la maji, buluu inarudi.

Na salfeti ya zinki? Ni nyeupe, iwe na maji au isiwe nayo. Ioni ya zinki ni 3d¹⁰. Nafasi zote kumi zimejaa. Hata chumba kikigawanyika, hakuna nafasi ya juu ya kupandia.

8. Makosa yanayopoteza alama

- *"Kiwango cha tatu hubeba elektroni nane."* Hubeba 18. Nane ni idadi iliyopo kabla ya 4s kuanza kujazwa.
- *Kuandika 2.8.9 au 2.8.10.* Kwa potasiamu na kalisiamu andika 2.8.8.1 na 2.8.8.2.
- *Kuandika mpangilio wa atomu pale swali linapotaka wa ioni.* Soma chaji kwanza, kisha andika.
- *"Mwali wa sodiamu ni manjano kwa sababu sodiamu ni ya manjano."* Chuma cha sodiamu ni cheupe cha fedha. Rangi hutokea elektroni inaposhuka kutoka kiwango cha juu hadi cha chini.
- *Kutoa sababu bila nishati.* Ukiulizwa "kwa nini" kuhusu elektroni, jibu lako karibu kila mara linapaswa kutaja nishati au mvuto wa kiini. "Inapenda" na "inataka" hazina alama.

9. Maswali ya marudio

1. Andika nambari nne za kwanta za elektroni ya mwisho ya potasiamu.
2. Kati ya anwani hizi, zipi haziwezekani? Toa sababu.
 (a) n = 2, l = 2, m = 0, s = +½
 (b) n = 3, l = 1, m = −1, s = −½
 (c) n = 1, l = 0, m = +1, s = +½
3. Nishati za kuondoa elektroni tatu za kwanza za elementi X ni 590, 1145 na 4912 kJ/mol. X iko katika kundi gani? Eleza.
4. Andika mpangilio wa elektroni wa chuma na wa ioni yake yenye chaji 3+. Ioni hiyo ina elektroni ngapi zilizo peke yake katika orbitali?
5. Mwenzako anasema garneti isiyo na rangi haina elektroni zinazoweza kupanda. Je, amesema kweli?

Majibu

1. n = 4, l = 0, m = 0, s = +½ (au −½).
2. (a) haiwezekani, kwa sababu l haiwezi kufikia n. N ikiwa 2, l huishia 1. (c) haiwezekani, kwa sababu l ikiwa 0, m ni 0 pekee. (b) inawezekana, ni elektroni ya 3p.
3. Kundi la pili. Mruko mkubwa uko kati ya elektroni ya pili na ya tatu, kwa hiyo elektroni mbili ziko katika kiwango cha nje na ya tatu inatoka kiwango cha ndani kilicho karibu zaidi na kiini. (X ni kalisiamu.)
4. Chuma: 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 3d⁶ 4s². Ioni: 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 3d⁵. Elektroni tano ziko peke yake, moja katika kila orbitali ya 3d.
5. Si kweli kabisa. Elektroni zake zinaweza kupanda, ila mwanya ni mkubwa kuliko nishati ya mwanga unaoonekana. Kwa hiyo mwanga huo wote unapita, na jiwe halina rangi.

Ukimaliza, funga kitabu na ujaribu kumweleza mwenzako, kwa dakika tano na kwa lugha yoyote mnayoielewa vizuri, kwa nini potasiamu si 2.8.9. Ukiweza kufanya hivyo bila kusema "kimejaa", uko tayari kwa swali lolote litakaloletwa kuhusu sura hii.